Mibuni Mipya na Kazi ya Mkulima wa Kahawa

 

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalomhusu kila mtu aliyefanya kazi moja miaka mingi mpaka akaijua sana. Kazi ile inapobadilika, yule mwenye ujuzi wa zamani anakwenda wapi? Nitalieleza kwa mfano wa kahawa ya milimani, hasa ya Kilimanjaro, lakini mkulima wa muhogo au wa mahindi naye asizime redio, maana na kwake mabadiliko yanabisha hodi.

Bwana shamba, au afisa ugani kama anavyoitwa siku hizi, akifika kwenye kihamba na kuanza kueleza habari za mibuni mipya, mara nyingi mwenye kihamba humjibu hivi: “Mwanangu, mibuni hii aliipanda marehemu baba. Mimi nimeitunza miaka arobaini. Leo wewe waniambia nichukue msumeno?”

Wapo wanaosikia jibu hilo wakasema mzee ni mkaidi. Mimi sisemi hivyo. Mzee huyo ni fundi. Anajua mbuni upi huzaa mapema na upi huchelewa. Akitazama jani tu anajua kama mti una njaa ya mbolea au una kiu. Anajua ukungu ukishuka asubuhi tatu mfululizo, bomba la dawa lazima litoke ghalani. Basi anapouliza swali lile, haulizi juu ya mti peke yake. Anauliza: mti ukibadilika, ujuzi wangu utanifaa nini? Hilo ni swali la haki, na linastahili kujibiwa kwa hesabu na kwa mambo ya hakika, si kwa kumwambia mtu kwamba amepitwa na wakati.

Kwanza tukumbuke kwamba kahawa yenyewe ilikuwa kitu kigeni mlimani. Mababu walikuwa na migomba, ulezi na ng'ombe wa zizini. Kahawa ilianza kupandwa katika misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Waliokwenda kuchukua miche wakaiingiza chini ya migomba yao hawakuwa na baba aliyewafundisha kupogoa. Walijifunza wakiwa watu wazima. Kufikia mwaka 1925 wakulima hao walikuwa na chama chao, Joseph Merinyo akiwa rais wake, na mwaka 1933 kikaandikishwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kwa hiyo anayesema kubadilika si desturi ya wazee wetu, hajawauliza wazee.

Sasa tuje kwenye mti wa zamani na maradhi yake. Mibuni iliyo katika vihamba vingi vya zamani ni ya aina za N39 na KP423, zilizochaguliwa na kuenezwa na kituo cha utafiti cha Lyamungu kilichoanzishwa mwaka 1934. Ni mibuni yenye kahawa nzuri sana kwa ladha. Tatizo lake ni kwamba haina kinga dhidi ya maradhi mawili: kutu ya majani, ambayo huweka unga wa rangi ya machungwa chini ya jani mpaka jani linapukutika, na chulebuni, ambayo hushambulia matunda yakiwa bado mabichi, yakapata madoa meusi yaliyobonyea, yakaoza au kukauka juu ya mti. Chulebuni ilionekana kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na hapa Tanzania ikaonekana mwaka 1964. Inapenda baridi na unyevu, yaani inapenda mahali pale pale panapopendwa na kahawa nzuri.

Dawa yake inajulikana. Ni dawa za shaba, zile za mrututu na jamaa zake. Lakini hazitibu tunda lililokwisha kuugua, kazi yake ni kuzuia tu. Kwa hiyo lazima upulize kabla ya ugonjwa, na urudie kila baada ya majuma matatu au manne, mara sita, saba au zaidi kwa msimu kama mvua ni nyingi.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Shikeni kijiti mwandike chini. Ekari moja, kwa nafasi ya zamani ya futi 9 kwa 9, inaingia mibuni mia tano na ushei. Tuseme 500. Mbuni mkubwa ukiupa nusu lita tu ya maji yenye dawa, hizo ni lita 250 kwa mzunguko mmoja. Bomba la mgongoni la lita 15 utalijaza mara 17 hivi. Mizunguko saba ni lita 1,750. Hayo ni maji ya ndoo kubwa za lita ishirini, ndoo 87 na nusu, yaliyobebwa kutoka mtoni au kwenye mfereji. Na mnajua vizuri ni nani huyabeba. Mwenye bomba husifiwa kwa kazi yake, lakini mama na watoto waliopanda kilima na ndoo kichwani hawaingizwi katika hesabu ya gharama.

Zamani mzigo huu uliweza kubebeka kwa sababu chama kilikopesha dawa na kukata deni wakati wa malipo ya kahawa. Kisha yakaja mambo mawili. Mwezi Julai 1989 ule mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawia kila nchi fungu lake la mauzo ulivunjika, na bei ya kahawa duniani ikaanguka vibaya. Halafu katika msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa vijijini. Mkulima akapata wa kumuuzia kwa fedha taslimu, lakini mpango wa kukopeshwa dawa ukalegea, kwa maana deni halina wa kulikata kama kahawa imeuzwa kwa mwingine. Bei ya dawa ikapanda. Wengi wakapunguza mizunguko kutoka saba hadi minne, kutoka minne hadi miwili. Na dawa ya mizunguko miwili dhidi ya chulebuni, mwaka wa mvua nyingi, ni sawa na kuezeka nusu ya paa.

Hapo ndipo ilipoingia kazi ya watafiti. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ilianzishwa mwaka 2001, makao yake yakiwa pale pale Lyamungu, na kuanzia mwaka 2005 mibuni chotara yenye kinga dhidi ya chulebuni na kutu ya majani ilianza kutolewa kwa wakulima. Sikilizeni majina yake: N39-1, KP423-1, na kuendelea. Mnaona? Ni wajukuu wa mibuni ile ile ya baba, waliopatikana kwa kuichanganya na jamaa wa mbali wenye kinga. Mzee mwenye N39 kihambani si mgeni wa ukoo huu.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo maneno mengi ya sokoni yanapopotosha. Utasikia mtu akisema, “Mibuni mipya haina kazi. Panda, kaa, chuma.” Hiyo si kweli, na mkulima aliyepanda kwa kuamini maneno hayo atajuta. Mibuni mipya haipunguzi kazi. Inaihamisha.

Inaihamisha kutoka wapi kwenda wapi? Kazi ya kupuliza dawa za shaba inapungua sana, na ndoo nyingi katika zile 87 zinabaki mtoni. Lakini mbuni huu huzaa mapema na huzaa sana. Unaanza kuonyesha matunda baada ya miaka miwili hivi, na mti unaozaa sana unakula sana. Usipoulisha kwa samadi, mboji na mbolea, utakuonyesha mavuno makubwa mwaka mmoja, halafu matawi yatakauka kutoka nchani kuja ndani, na mwaka unaofuata utavuna majani. Wengi wakiona hivyo husema mche ulikuwa mbaya. Mche haukuwa mbaya. Ulikuwa na njaa. Basi fedha iliyokuwa inanunua mrututu inatakiwa iende kwenye mbolea, isiende yote kwenye starehe. Na mikono iliyokuwa ikibeba maji ya bomba itatakiwa wakati wa kuchuma, kwa sababu matunda ni mengi, na tunda jekundu halisubiri.

Tena kinga niliyoitaja ni ya chulebuni na kutu tu. Vimatira, wale wadudu wa kufyonza matunda machanga, hawajasoma jina la mbuni kabla ya kuupanda. Bungua mweupe anayetoboa shina naye hachagui. Kwa hiyo jicho la fundi wa zamani bado linahitajika, pengine kuliko mwanzo. Zamani ulipuliza kwa kalenda: tarehe imefika, toa bomba. Sasa unatakiwa kupita, kutikisa mti, kuangalia na kuhesabu wadudu, halafu ndipo uamue kama kuna haja ya dawa na ni mibuni gani inayohitaji. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye uzoefu.

Nizungumze sasa na ndugu yetu mwenye bomba. Katika kila kijiji cha kahawa yupo mtu ambaye shamba lake ni dogo, lakini anaishi kwa kuwapulizia wengine dawa kwa malipo. Msimu wake unajulikana, wateja wake wanajulikana. Yeye ndiye anayeumia kwanza mibuni mipya inapoingia. Mkulima mwenye ekari moja anafurahi kwamba hatapuliza mara saba, lakini kila mzunguko unaoondoka ni kibarua kilichoondoka nyumbani kwa mwenzake. Mambo haya hatuyasemi vya kutosha katika vipindi vyetu. Tunasifu mche mpya, kisha tunanyamaza juu ya mtu aliyepoteza kazi.

Kwake nina haya ya kusema. Ndugu yangu, wewe unayo mali tatu ambazo hazimo ndani ya bomba. Unalijua kila shamba kijijini na kila mwenye shamba. Unautambua ugonjwa mapema kuliko mwenye mti. Na watu wamezoea kukuita na kukulipa. Kijana aliyetoka kwenye mafunzo jana hana hata moja kati ya hizo. Kinachokosekana kwako ni ujuzi mmoja mpya, na ujuzi huo ni kubebesha.

Kubebesha ni nini? Ni kuchukua kikonyo cha mbuni wenye kinga na kukiunganisha juu ya shina la mbuni wa zamani, ili mizizi ile iliyokwisha kushika ardhi miaka mingi ilishe mti mpya. Kwa kihamba kilichojaa migomba na mizizi ya miringaringa, ambapo kuchimba shimo jipya ni taabu, njia hii ina faida kubwa. Tena inamjibu yule mzee: mizizi ya baba inabaki ardhini.

Kazi yenyewe huanza baada ya mavuno. Mbuni wa zamani unakatwa kwa msumeno, kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini, na mkato uwe wa mshazari ili maji ya mvua yateremke yasituame na kuozesha kisiki. Usikate kwa panga, maana panga hupasua gome. Mvua zikinyesha machipukizi yatatoka mengi. Unachagua mawili au matatu yenye nguvu, yaliyo pande mbalimbali za kisiki, mengine unayaondoa. Yakifika unene wa penseli, yako tayari. Unakata chipukizi bapa juu, unalipasua katikati kidogo kwa kisu kikali na safi. Kikonyo chenye unene ule ule unakichonga pande mbili kama kabari, unakiingiza kwenye ule mpasuko hadi gome la huku likutane na gome la kule, angalau upande mmoja. Hapo kwenye gome ndipo ilipo siri yote. Kisha unafunga kwa utepe wa nailoni, unabana vizuri, na kukifunika kikonyo kwa mfuko mdogo wa nailoni kisikauke, mpaka majani mapya yatokee.

Mara ya kwanza vingi vitakufa. Usikate tamaa wala usijaribie kwenye mti wa mteja. Jaribia kwenye machipukizi ambayo ungeyatupa, kumi leo, kumi kesho. Mkono ulioweza kuelekeza bomba chini ya jani bila kumwaga dawa ovyo hautashindwa na kisu. Na kuhusu malipo, nashauri mpatane hivi: mteja alipe sehemu siku ya kazi, na sehemu iliyobaki alipe kwa hesabu ya vikonyo vilivyoshika. Mpango huo humpa mwenye shamba imani, na humfanya fundi arudi kuangalia kazi yake.

Jambo moja msilisahau. Baada ya kubebesha, kisiki kitaendelea kutoa machipukizi chini ya kiungo. Hayo ni ya mbuni wa zamani, hayana kinga. Ukiyaacha yatakua upesi na kukimeza kikonyo, na baada ya miaka mitatu utakuwa na mbuni ule ule wa zamani, huku unamwambia kila mtu kwamba kinga ni uongo.

Mpogoaji naye ana la kujifunza, ingawa kwake ni dogo zaidi. Aliyezoea kulea shina moja lililokatwa kichwa atatakiwa kulea mashina mawili au matatu, na kuyabadilisha kwa zamu yanapochoka. Kanuni ya kuruhusu mwanga na hewa kuingia katikati ya mti ni ile ile. Mkasi ni ule ule.

Sasa turudi kwa mwenye shamba. Hofu yake kubwa ni miaka ya kukaa bila mavuno, na hofu hiyo ina msingi. Ada ya shule haingoji kikonyo kishike. Kwa hiyo mtu yeyote akikwambia ung'oe shamba lote kwa mara moja, mwulize atakulisha nani. Gawa shamba lako mafungu manne. Kama una mibuni 500, mwaka huu shughulikia 125, ile iliyozeeka na kuzaa vibaya kuliko yote. Mwaka wa pili 125 mingine. Kufika mwaka wa tatu fungu la kwanza linaanza kukupa kitu, na mwaka wa nne unapokata fungu la mwisho, shamba lako tayari lina mbuni mpya unaozaa. Katika kila mwaka wa miaka hiyo, robo tatu ya shamba ama bado inazaa kwa mti wa zamani ama imekwisha kubadilishwa na iko njiani. Katikati ya mashina yaliyokatwa jua linaingia, basi panda maharage. Yanarutubisha udongo na yanakwenda chunguni.

Anayependa kupanda miche badala ya kubebesha, achimbe mashimo mapema, miezi miwili au mitatu kabla ya masika, futi mbili kila upande na futi mbili kwenda chini. Udongo wa juu auweke peke yake, auchanganye na debe la samadi iliyooza, kisha audirishe shimoni kwanza. Nafasi kati ya mti na mti hutegemea aina, kwa kuwa iko mirefu na iko mifupi, hivyo aulize kitaluni kabla ya kupima kamba.

Na kuhusu miche nina onyo. Mbuni huu ni chotara. Mbegu uliyoiokota chini yake haitazaa mti kama mama yake. Mmoja utafanana na babu, mwingine na mjomba, na kinga inaweza ikapotea njiani. Ndiyo maana huzalishwa kwa vikonyo kutoka bustani maalumu za mibuni mama. Nunua kitaluni panapojulikana, kwa kikundi au kwa watafiti wenyewe. Mtu anayepita na baiskeli akiuza miche ya chotara kwa bei ya nusu, mwulize alikata vikonyo vyake wapi. Kama ameanza kuangalia pembeni, mpe maji ya kunywa na umwache aende zake.

Je, ladha? Swali hili wanaliuliza hasa wale wanaojali jina la kahawa ya Kilimanjaro, na wana haki. Jirani zetu Kenya walitoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, nayo ilikuwa na kinga, lakini wako wakulima na wanunuzi walioilalamikia kwamba kikombeni haifikii ile SL28 ya zamani. Kazi ikaendelea, na mwaka 2010 wakatoa nyingine, Batian. Kwa hiyo ladha si jambo la kupuuza. Lakini tuseme kweli: kahawa nyingi inayopoteza daraja haikuharibiwa na mti. Imeharibiwa kwa kuchuma mbichi pamoja na mbivu, kwa kulaza matunda usiku mzima kwenye gunia bila kumenywa, na kwa kuanika chini kwenye mavumbi. Chuma nyekundu tupu, menya siku ile ile, anika juu ya kichanja. Palipo na kiwanda cha kumenyea cha kikundi, peleka huko, maana kahawa ya watu mia iliyomenywa sawasawa humvuta mnunuzi kuliko mifuko mia ya namna mia.

Hapa ndipo ninapotaka kusema neno na akina baba. Mafunzo yakitangazwa, barua huandikwa kwa mwenye kaya, na anayekwenda ni baba. Anakaa siku mbili, anaonyeshwa kuchagua matunda, kuosha na kuanika. Anarudi na cheti. Lakini nani anachuma katika nyumba yako? Nani anageuza kahawa kichanjani na kuifunika mvua inapotishia? Kama ni mama, basi aliyehitaji mafunzo alibaki nyumbani. Mpeleke anayeifanya kazi. Na akirudi na maarifa, mwachie na neno lake katika fedha ya mauzo, kwa sababu mtu hajifunzi kwa moyo kazi ambayo matunda yake hayaoni.

Vijana nao wasidhani kwamba habari hii ni ya wazee tu. Kijana mwenye kisu cha kubebeshea na mkono mwepesi anaweza kupata kazi katika vihamba vya kijiji kizima, hata kama bado hajagawiwa kihamba chake. Lakini namshauri asiende peke yake. Aende na yule fundi wa bomba, au na babu yake mwenyewe. Kijana anajua mpasuko, mzee anajua mti upi una mizizi yenye nguvu na upi umekwisha kuliwa na bungua. Nimeona mahali ambapo wawili hao wanapogombana, shamba ndilo linalolipa.

Mtauliza, je, tukisha kubadilisha, tumemaliza? Kisiwa cha Ceylon, ambacho leo kinaitwa Sri Lanka, kilikuwa nchi ya kahawa. Mwaka 1869 kutu ya majani ikaonekana huko, na katika miaka ishirini hivi iliyofuata kilimo cha kahawa kikafa. Lakini miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1867, mkulima mmoja aitwaye James Taylor alikuwa amekwisha kupanda chai katika shamba la Loolecondera. Kahawa ilipokufa, wengine walikuwa na mahali pa kwenda kujifunza, na leo nchi ile inajulikana kwa chai. Huko Honduras nako wakulima walipanda aina iitwayo Lempira kwa sababu ilikuwa na kinga dhidi ya kutu. Lakini mwaka 2017 ilithibitishwa kwamba kutu imebadilika na kinga ile imeshindwa. Ugonjwa nao unajifunza kazi. Kwa hiyo hata kwenye mibuni yako mipya, geuza jani utazame chini yake. Ukiona unga wa rangi ya machungwa mahali ambapo hukuutarajia, usiufiche kwa aibu wala usingoje mwakani. Chuma jani hilo, mpelekee bwana shamba, naye awapelekee watafiti.

Mwaka huu basi, wakati wa kuchuma, tembea na vitambaa vyekundu mfukoni. Kila mbuni uliokuvunja moyo, fungia kitambaa. Mavuno yakiisha hutakuwa na haja ya kukumbuka, utahesabu vitambaa tu, nawe utajua fungu lako la kwanza ni lipi. Msumeno unoe mwezi wa Desemba. Vikonyo uvitolee taarifa kitaluni mapema, maana kila mtu huvitaka kwa wakati mmoja.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya samadi: namna ya kuihifadhi isiibiwe nguvu na jua na mvua kabla haijafika shambani. Kwaherini.